Sura ya Pili Yafunguliwa Matangani

Bwiza, Bujumbura
16 Februari 1997

Kaka Sylvère,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba na una joto. Sisi huku ni wazima kwa kiwango kinachoruhusiwa. Mama anakusalimu, presha yake inapanda na kushuka kama mtu aliyesahau kitu ghorofani. Shangazi yetu Tantine Spès anakusalimu na anauliza kama Wabelgiji wa Liège wanajua kupika. Darius naye anakusalimu, kwa sauti ya mchumba aliyechoka kuambiwa subiri.

Barua inabebwa na mtawa mmoja anayepitia Kigali, maana tangu majirani watuwekee vikwazo kwa ajili ya mapinduzi ya jeshi, posta yetu inapokea barua kwa adabu tu. Nchi zote zinazotuzunguka zimekubaliana kutufungia mipaka mpaka tupate akili. Ndege hazitui. Petroli inauzwa mtaani Buyenzi kwa chupa, na mnunuzi anainua chupa kwenye mwanga kuitazama kama divai ya padri. Bia, namshukuru Mungu, haijakosekana hata siku moja, kwa hiyo usije ukawaambia hao wenyeji wako kwamba serikali yetu imeshindwa kazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Julai Baba atatimiza mwaka kaburini. Baba mkubwa Adolphe amekaa na wazee, wameamua matanga yaondolewe Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo. Nakukumbusha desturi, isije ikawa baridi ya huko imeifuta. Mtoto mkubwa wa kiume anasimama mbele ya watu, anawashukuru waliomzika baba yake, kisha anakunywa wa kwanza kwenye mtungi. Hapo ndipo wengine wanapokunywa, na yeye anakuwa amekalia kiti cha baba. Kabla ya hapo hakuna anayeolewa katika nyumba hii.

Mimi nimo katika nyumba hii, kama umesahau. Nina miaka thelathini na moja, nafundisha historia kwa wasichana wanaoolewa kabla yangu. Darius alileta posa mwezi mmoja kabla Baba hajafariki, na siku hizi mama yake akinitaja ananiita "ule wa matanga".

Njoo, Kaka. Siombi zawadi wala suti. Njoo useme maneno machache, unywe, uondoke.

Mdogo wako,
Adélaïde

*

Liège
6 Aprili 1997

Mdogo wangu Adélaïde,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kwamba bado una ulimi. Mimi ni mzima. Mvua inanyesha tangu Oktoba, na viazi vya kukaanga navila mpaka naota mizizi. Mpe Mama pole ya presha. Mwambie Tantine Spès kwamba hapana, hawajui.

Tasnifu yangu inasonga. Kichwa chake ni "Nadharia za Maendeleo na Kutoendelea: Ulinganisho", na profesa anasema kichwa ni kizuri, bado mwili. Nimemaliza sura ya kwanza, inayohusu nadharia ya usasa. Nadharia hii inasema mataifa yote yanapanda ngazi moja. Wazungu wako juu, sisi tuko chini, na kinachotuzuia kupanda kimo ndani mwetu wenyewe: mila, desturi, ukoo, kumsikiliza mjomba kuliko kumsikiliza mhasibu. Taifa likishaviacha hivyo, linakimbia kidogo kama ndege uwanjani, halafu linapaa.

Unaona sasa. Kwa nadharia hiyo kikwazo cha ndoa yako si mimi, ni matanga. Mwaka mzima watu hawaoi kwa sababu mtungi haujanywewa! Olewa tu, uendelee, nami nitakuweka kwenye sura ya kwanza kama mfano wa taifa lililopaa.

Kuhusu Julai, nitaangalia kalenda ya profesa.

Kaka yako,
Sylvère

*

Bwiza
18 Mei 1997

Kaka Sylvère,

Salamu nyingi. Mama ameanza kutembea hadi sokoni na kurudi, akirudi anakaa mlangoni na kutuambia bei kana kwamba ni habari za vifo. Ng'ambo ya ziwa, Zaire imebadili jina jana, majirani wanashangilia, na sisi tunasubiri kujua kama jina jipya linaruhusu chumvi kupita. Barua yako ililetwa na Honoré, binamu yetu muuza vipuri vya magari. Vikwazo vimezuia dawa za presha ya Mama, lakini havijaweza kuzuia gia za Toyota anazozifuata Ubelgiji. Sijui nadharia ipi inaeleza hilo.

Nilimsomea Baba mkubwa Adolphe nadharia yako ya ngazi. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza:

"Njo kusema tuko maskini juu ya kulilia wafu?"

"Ndiyo, Baba mkubwa. Imeandikwa hivyo."

"Na Wabeleji, wao hawafe?"

Tafadhali muulize profesa.

Halafu hiyo nadharia mimi naijua, Kaka, nimelelewa nayo. Baba yetu, monitari wa kilimo, yaani bwana shamba, alikuwa nadharia ya usasa yenye baiskeli. Alipita vilimani miaka yote akiwaambia watu wang'oe migomba wapande kahawa, watapaa. Walipanda, kahawa ikapaa, wao wakabaki chini wakiitazama. Yeye mwenyewe alikunywa chai mpaka siku alipokufa. Na kwa kuwa unapenda mfano wa ndege, uwanja wetu umefungwa. Juzi niliona mbuzi wanakula majani karibu na uzio, wanene kabisa. Labda wao ndio watakaopaa.

Sasa niache utani, maana kuna jambo linanikaa rohoni. Honoré anasema alikuomba mrudi pamoja Julai, mpitie Kigali kama yeye anavyofanya kila mara. Anasema ulisimama, ukasema unakwenda kununua sigara, na hukurudi mpaka alipochoka akaondoka. Wewe huvuti sigara, Sylvère.

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka. Umeomba ukimbizi huko? Kama ni ndiyo, niambie, nijue ninasubiri nini. Darius amenipa mpaka mwisho wa kiangazi. Hakusema hivyo kwa mdomo wake. Mama yake ndiye aliyesema, yeye akaangalia viatu.

Adélaïde

*

Liège
29 Juni 1997

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nafurahi Mama anatembea. Huku jua limetoka, na watu wamevua nguo kwa haraka kama wanaopimwa jeshini.

Umenichekesha na mbuzi wako. Lakini sura ya pili itakupoza hasira, maana humo naipiga nadharia ya usasa mpaka inaomba maji. Humo naweka nadharia ya utegemezi. Yenyewe inasema hatukuchelewa njiani, tulicheleweshwa. Kutoendelea si hali tuliyozaliwa nayo, kulitengenezwa. Kitovu cha dunia kinashiba kwa sababu pembezoni kunanyonywa. Kahawa ya vilima vyetu inaondoka kwa bei wanayoipanga wao, inarudi kwenye kopo kwa bei wanayoipanga wao tena. Dawa yake, wanasema baadhi ya wataalamu, ni kuukata huo uhusiano, nchi ijifunge na kujitegemea.

Basi, dada yangu, hongereni! Mmekatiwa kila kitu bila hata kuomba. Nchi nyingine ziliota jambo hilo zikashindwa, nyinyi mmeletewa mlangoni.

Mwishoni naingiza nadharia ya tatu, ya mfumo-dunia. Hiyo haisemi nchi moja moja. Inasema dunia nzima ni nyumba moja, yenye sebule, ukumbi na jikoni. Anayepika haketi sebuleni, na jikoni kukifungwa, sebule inapata njaa. Profesa ananing'ang'ania nimletee sura yote wiki hii, ndiyo sababu Julai imekuwa ngumu. Na si mimi niliyefunga uwanja wa ndege.

Lakini sitawaacha mikono mitupu. Honoré anakuja na bahasha. Ndani yake kuna maneno yangu ya kuwashukuru watu. Baba mkubwa anajua desturi: maneno ya mtoto asiyekuwepo hayafunguliwi chumbani, yanafunguliwa na mkubwa wa ukoo mbele ya watu, na yakianza kusomwa hayakatizwi. Nimeifunga kwa gundi. Usiichungulie, nakujua.

Kaka yako,
Sylvère

*

Bwiza
3 Agosti 1997

Kaka Sylvère,

Mama ni mzima. Tantine Spès ni mzima, anacheka peke yake tangu Jumamosi ya matanga. Barua yako haina neno hata moja kuhusu nililokuuliza, kwa hiyo na mimi nitakusimulia tu.

Uani kwetu watu walijaa. Mitungi ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi, ilipangwa katikati, mirija imechomekwa, povu linapanda. Wakwe watarajiwa walikaa mbele. Baba mkubwa Adolphe alivaa koti la harusi yake, akasema mtoto wa marehemu yuko masomoni lakini maneno yake yamefika, akapasua bahasha, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Sura ya Pili."

Watu wakainamisha vichwa. Katekista akafanya ishara ya msalaba.

Ndiyo, Kaka. Umetutumia tasnifu. Kifaransa chote, na tanbihi chini. Baba mkubwa, kwa heshima aliyonayo kwa shule yako, alianza kuitafsiri kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na kwa kuwa maneno ya mwana hayakatizwi, hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Sylvère anasema ivi: mutu wa katikati anamukula mutu wa pembeni. Anamukula tangu zamani. Na ule wa pembeni anamupikia."

Minong'ono ikaanza. Wa Buyenzi wakawaangalia wa Bwiza. Shemeji mmoja anayeishi karibu na soko kuu, ambalo kweli liko katikati, akasimama kuapa kwamba hajawahi kumla mtu yeyote wa Carama kule pembeni mwa mji.

Baba yake Darius akashindwa kuvumilia. Akasema kwa heshima lakini kwa nguvu, "Apana. Mi nakatala. Marehemu alitufundisha mwenyewe: panda kahawa, peleka batoto ku masomo, acha uvivu, utaendelea. Na mi nilipanda!"

"Na uliendelea ukafika fasi gani?" akauliza Tantine Spès. "Si uko apa Bwiza na siye?"

"Juu batu baliiba bei!"

"Eee! Njo vile Sylvère anasema!"

Uani watu wakagawanyika. Wazee waliowahi kulima kahawa wakawa upande wa utegemezi, wenye maduka wakawa upande wa usasa, katekista akasema yote ni dhambi ya Adamu. Walipofika kwenye nadharia ya mfumo-dunia, wale wanawake waliokuwa jikoni tangu alfajiri walitoka na miiko mikononi, wakataka aya ile ya sebule irudiwe. Ikarudiwa mara mbili. Profesa wako hajawahi kupata darasa kama lile.

Nilicheka, sikufichi. Halafu Mama akanivuta mkono. Hajui Kifaransa, na tafsiri ya Baba mkubwa alikuwa ameacha kuifuata. Akaniuliza polepole, "Sasa juu ya baba yake anasema nini?"

Nikaenda kusimama nyuma ya Baba mkubwa, nikasoma juu ya bega lake. Niliruka kurasa nikitafuta jina la Baba. Kulikuwa na kahawa, kulikuwa na bei, kulikuwa na wakulima kwa maelfu. Baba hakuwemo. Mama alikuwa ananiangalia akisubiri jibu. Niliona uchungu, Sylvère, uchungu wa kutaka kupiga mtu, na wewe hukuwa karibu.

Nikazichukua karatasi kutoka mikononi mwa mzee. Watu wakashtuka. Nikasema ninyi mliokuja kumbeba baba yetu siku ambayo njia ya makaburini haikuwa na usalama, mkambeba hivyo hivyo, asanteni. Wewe jirani uliyetoa mlango wa nyumba yako ukapasuliwa mbao za jeneza, asante. Mlioketi na Mama mpaka akakubali kula, asanteni. Nikasema Baba alikuwa mkaidi, aliamini kila alichoambiwa na ofisi, na aliwapenda watu aliowapandisha kahawa. Nikasema tulimpenda. Nikaishiwa. Koo lilikuwa limekauka, mtungi ulikuwa mbele yangu, nikainama nikanywa.

Niliinua kichwa nikaona nyuso zao, ndipo nikajua nilichofanya.

Wazee walijitenga pembeni ya ukuta, wakabishana kwa muda mrefu. Mmoja alitaka mtungi umwagwe, na umma wote ukampinga kwa sababu za wazi. Mwisho Baba mkubwa akarudi, akasema, "Amesema, amekunywa. Mambo imeisha. Ule njo baba sasa." Akanikalisha kwenye kiti.

Kwa hiyo matanga yametoka, kiti kina mtu, na mtu huyo ni mimi. Ndoa ni Septemba. Kwa desturi hiyo hiyo unayoijua vizuri, kuanzia sasa unapaswa kuniandikia kama unavyomwandikia Baba. Mama anasema nisidhani kwamba nitamtuma maji.

Nadharia yako ya tatu nimeielewa bila profesa. Miaka yote sisi tunakupelekea habari mbichi, wewe unazichakata, unaturudishia zikiwa zimefungwa kwa gundi. Safari hii tumekataa mzigo.

Adélaïde

*

Liège
12 Oktoba 1997

Kwa Baba Adélaïde,

Nakuamkia kwa heshima, nimevua kofia ingawa kuna baridi. Pokea pongezi za ndoa yako. Sijakuandikia tangu ufariki.

Profesa aliipokea hotuba ya matanga. Aliirudisha na maneno pembeni: "Lugha siijui, lakini angalau ni fupi." Zilikuwa mezani bahasha mbili zinazofanana, niliziandika siku moja, na nilikuwa nimelia. Nisamehe kwa hilo. Katika hotuba jina lako lilikuwemo, Baba. Lilianza hata kabla ya salamu.

Kuna jambo dada yangu aliniuliza, nikaenda kununua sigara. Wewe hukuniuliza, basi nakwambia. Niliomba ukimbizi mwezi wa Desemba. Nikikanyaga Bujumbura, hata kwa kunywa tone moja na kurudi, karatasi inafutwa. Waliponihoji waliniuliza ninaogopa nini. Nilikuwa na nadharia tatu mkononi, nikakosa hata moja ya kuwajibu. Nikawaambia kuhusu Claude tuliyekaa chumba kimoja chuoni, kwamba asubuhi moja nilikwenda kuoga, na niliporudi walikuwa wameshamchukua, chumba kilikuwa changu peke yangu. Mwandishi akaniuliza jina la Claude linaandikwaje. Nikalisahau, Baba. Nikakaa pale mbele yao nimelisahau.

Nilikuwa namwandikia dada yangu utani kwa sababu bila utani ningeandika hayo. Naogopa kurudi. Naona aibu kuogopa, kwa sababu nyinyi mpo hapo kila siku na mnaenda sokoni.

Nimesikia kwamba mtoto hawezi kukaa ugenini bila ruhusa ya baba yake. Uliondoka kabla sijaiomba.

Baba, naomba ruhusa ya kukaa.

Mwanao,
Sylvère

*

Bwiza
23 Novemba 1997

Mwanangu Sylvère,

Mama ni mzima, mvua zimeanza, Darius anakoroma. Ndoa ilikwenda vizuri. Mama mkwe haniiti tena "ule wa matanga". Ananiita "baba ya Sylvère", na sijui kama ni heshima au ni vita vipya.

Barua yako niliisoma jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana, nilikuwa na maneno mazuri kabisa niliyoyatunza tangu Agosti. Yameharibika yote. Nililia, halafu nikamsomea Mama, ila kipande cha Claude nilimsimulia kwa kifupi. Akasema, "Amwambie akae. Mi nataka mutoto mwenye kuwa muzima, ata akiwa mbali." Baba mkubwa Adolphe anasema hivyo hivyo, ila anataka sura ya tatu, kwa sababu watu wanamuuliza njiani jinsi ilivyoisha.

Kwa hiyo, kwa kiti nilichokalia, ruhusa umepewa. Kaa. Usiniombe tena, na usimwombe mtu mwingine msamaha kwa kuwa hai.

Lakini kuna kosa limefanyika, na ni langu kulirekebisha. Siku ile tuliwatoa watu wote matangani tukakusahau wewe. Honoré anasema hujanyoa tangu Baba afe, kama mfiwa aliye bado matangani. Basi anakuletea chupa ya urwarwa. Simama; ukipata mtu wa kusimama nawe, vizuri, usipompata, simama peke yako. Sema jina la Baba. Sema na la Claude, linaanza kwa C na kuishia kwa E, nimekuandikia hapa ili usilisahau tena. Kunywa. Kisha nenda kanyoe.

Mimi baba yako nimekutoa matangani.

Adélaïde